Usiku mzima kama dakika tano: kupotelewa na muda katika sala ni nini, na umilele ni nini?

Baada ya karibu kila mkesha wa kuabudu Ekaristi, iwe parokia ya mjini Mbeya au kigango cha huko Kilolo ambako ukungu huingia hadi ndani ya kanisa, hakosi mtu wa kutoka asubuhi akishuhudia: "Jamani, nimeingia saa tatu usiku, kushtuka kunakucha. Nilikuwa nje ya muda kabisa." Pembeni yake hakosi wa kumsikiliza kwa unyonge, kwa sababu yeye usiku uleule alihesabu mbao za dari mpaka akazimaliza, akajifunika kitenge, akajifunua, akaangalia saa, na bado ilikuwa saa tano. Anajiuliza kama sala yake imefika popote. Wote wawili wakirudi nyumbani wanakutana na jirani Mlokole au Mmoraviani mwenye swali linalozunguka sana katika makundi ya WhatsApp: "Nyie mnasema Misa ni sadaka ileile ya msalabani. Yesu alikufa mara moja. Sasa mnamrudisha msalabani kila Jumapili?"

Watu hawa watatu wanazungumzia jambo moja bila kujua, yaani sala na muda zinakutanaje. Kwa kuwa mafundisho ya kipaimara hayafiki huko, na kwenye jumuiya ndogo ndogo muda mwingi huishia kwenye michango, majibu yanachanganywa. Shuhuda wa mkesha anadhani ameonja mbingu. Aliyehesabu mbao anadhani amekataliwa. Jirani anajibiwa kwa ukali, wakati swali lake ndilo zuri kuliko yote.

Tutenganishe maneno kwanza. Kuna muda wa saa, ule wa ukutani. Huo hauna upendeleo. Misa ya pili ikianza saa tatu imeanza, na basi la Dar likiondoka limeondoka. Kuna muda tunaouhisi moyoni, ambao hurefuka na kufupika kufuatana na tunachofanya. Halafu kuna umilele, ambao si muda hata kidogo: ni namna Mungu anavyoishi, asiye na jana iliyompita wala kesho anayoingojea. Liturujia ni ibada rasmi ya Kanisa, yaani Misa, sakramenti na Masifu. Sala ya taamuli ni kumtazama Mungu kwa upendo bila kuhitaji maneno mengi. Inatofautiana na sala ya sauti, kama Rozari, na inatofautiana na tafakari, ambamo akili inafanya kazi juu ya Neno: inajiuliza, inalinganisha, inaweka nia.

Shuhuda wa mkesha na yule wa mbao za dari wanasimulia muda wa moyoni. Jirani anauliza juu ya umilele. Tukiuita muda wa moyoni umilele, tutakuwa tunapima sala kwa kipimo kisicho chake, na Misa hatutaielewa kabisa.

Muda wa moyoni

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alilihangaikia suala hili katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake. Muda ni nini? Asiponiuliza mtu, anasema, najua. Nikitaka kumweleza anayeuliza, sijui. Kisha akachukua mfano wa mtu anayeimba zaburi aliyoikariri. Kabla hajaanza, zaburi nzima iko katika matazamio yake. Akiendelea, sehemu iliyoimbwa inahamia katika kumbukumbu, iliyobaki ingali katika matazamio, na katikati kuna uangalifu wake, ambamo wimbo unapita. Mwanakwaya yeyote anaielewa hali hiyo. Kwa Augustino, ndani ya roho ndimo tunamopimia muda, kwa kukumbuka, kuangalia na kutazamia.

Hapo ndipo ilipo siri ya usiku ulioyeyuka. Ukiuelekeza uangalifu kwenye muda wenyewe, unarefuka. Ukiuelekeza wote kwenye jambo, unafupika hata ukatoweka. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alichunguza hali hii kwa miaka mingi, akiwahoji madaktari wa upasuaji, wapanda milima na wacheza sataranji, na wote walisimulia jambo lilelile: ukizama katika kazi inayokutaka wote, hujioni tena na huioni saa. Fundi cherehani mwenye gauni la harusi la kesho analijua hilo. Kijana aliyeshika simu saa nne usiku "kwa dakika mbili tu" analijua pia, kwa aibu yake.

Kwa hiyo kupotelewa na muda peke yake hakuthibitishi kwamba Roho Mtakatifu ameshuka. Kunathibitisha kwamba ulizama. Mkesha una vitu vingi vinavyomsaidia mtu kuzama bila muujiza wowote: giza, mishumaa, pambio linalorudiwa, njaa, uchovu. Simdharau shuhuda wetu kwa kusema hivyo. Neema haiogopi kupitia mlango wa mwili, na huenda kweli Mungu alimshika usiku ule. Ninachokataa ni kugeuza saa iliyosahaulika kuwa cheti.

Kwa aliyehesabu mbao za dari kuna habari nzuri zaidi. Mtakatifu Teresa wa Avila, Mhispania aliyeishi kuanzia 1515 hadi 1582, mwalimu wa sala ambaye Kanisa limempa cheo cha Mwalimu wa Kanisa, anakiri katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwamba kwa miaka kadhaa alihangaikia zaidi saa yake ya sala iishe kuliko kubaki pale, akitega sikio asikie saa ikigonga. Teresa huyohuyo! Hakuacha kwenda. Na alipokuja kupewa sala ya muungano na Mungu, alisema nusu saa katika hali hiyo ni muda mrefu sana. Anayesimulia saa tisa mfululizo nje ya muda, kila mwezi, anadai zaidi ya alivyodai Teresa.

Umilele si muda mrefu

Watu wengi, na hata wahubiri wengine, wanaueleza umilele kama muda usiokwisha: miaka elfu, kisha elfu nyingine, bila kikomo. Watoto wa katekesimu hushtuka, na wana haki. Kuimba miaka milioni kumi, halafu kuanza upya? Papa Benedikto XVI aliligusa jambo hili bila kulizunguka katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007. Alikubali kwamba kuishi tu bila mwisho kungeweza kuchosha mpaka kukawa mzigo, akasema umilele si mfululizo wa siku za kalenda zisizokwisha. Tuuwazie zaidi kama kuzama katika bahari ya upendo usio na kikomo, ambamo kabla na baada havipo tena.

Maana iliyoshika mizizi katika Kanisa ilitolewa na mtu aliyekuwa gerezani. Boethius alikuwa afisa mkubwa katika utawala wa mfalme Theodoric nchini Italia. Akatuhumiwa uhaini, akafungwa, akauawa takriban mwaka 524. Akiwa kifungoni aliandika kwamba umilele ni kuwa na uzima usio na kikomo wote kwa pamoja na kwa ukamilifu. Maneno "wote kwa pamoja" ndiyo yanayobeba uzito. Sisi uzima wetu tunaupokea kidogo kidogo: utoto umeondoka, uzee haujafika, na leo yenyewe inaponyoka. Mungu hapungukiwi na kipande chochote cha uzima wake.

Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alitoa mfano wa mtu aliye mahali pa juu, akiitazama njia. Sisi wa nyanda hizi hatuna haja ya kuutafuta mbali. Dereva aliyepakia mbao Mafinga anashuka Kitonga, anaona nyuma ya lori lililo mbele yake, basi. Hajui kwamba kona ya tatu kuna gari limekwama, wala hajui aliye nyuma yake ameanza kushika breki. Kwake kuna kona aliyoipita na kona ambayo hajaifikia. Lakini aliyesimama ukingoni juu anayaona yote kwa mtazamo mmoja: lori linaloanza kushuka, lililo katikati, na lililokwisha kufika bondeni. Mfano una mipaka yake, kwa sababu mtu huyo wa ukingoni naye anazeeka, na yuko mbali na madereva, wakati Mungu yuko ndani ya kila lori pamoja na dereva wake.

Hata hivyo mfano huo unatatua lile neno la misibani, "ilishaandikwa". Anayetazama kutoka juu hamgeuzii dereva usukani. Mungu kuniona nikichagua kesho hakunilazimishi kuchagua, kwa kuwa kwake si utabiri wa jambo litakalokuja, ni kuona lililopo. Aliyeendesha akiwa amelewa hawezi kumtwisha Mungu ajali yake.

Maandiko yanaposema "kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na miaka elfu ni kama siku moja", tusichukue kikokotoo. Mtume Petro haongezi wala hapunguzi urefu wa siku; anatuambia kwamba kipimo chetu hakimhusu Mungu. Na Yesu alipowajibu Wayahudi, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko", hakusema "nilikuwako". Waliomsikia walielewa anadai nini, ndiyo maana wakaokota mawe.

Jirani anajibiwaje?

Kwanza akubaliwe. Waraka kwa Waebrania unasema wazi kwamba Kristo alitolewa sadaka mara moja, na Kanisa Katoliki halina ugomvi na aya hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1104, inasema fumbo la Pasaka huadhimishwa, halirudiwi. Kinachorudiwa ni maadhimisho. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1562 ulishasema vilevile kwa maneno yake: sadaka ni moja, anayetolewa ni yeye yule, tofauti ni namna ya kutolewa tu. Hakuna msalaba wa pili.

Sasa, tukio la Yerusalemu, la Ijumaa moja karibu miaka elfu mbili iliyopita, linafikaje kwenye altare ya Tukuyu? Vita vya Wahehe na Wajerumani vilitokea, vikapita, na leo tunavikumbuka Kalenga kwenye makumbusho. Hatuvishiriki. Matukio yote ya historia yako hivyo: hutokea mara moja, yanamezwa na wakati uliopita. Katekisimu, namba 1085, inasema tukio moja tu haliwezi kubaki katika wakati uliopita, kwa sababu aliyelitenda aliiharibu mauti kwa kufa kwake, na yote aliyotenda na kuteswa kwa ajili ya watu yanashiriki umilele wa Mungu. Aliyekufa ni mtu wa kweli, kwa hiyo kifo kina tarehe. Ni Mungu wa kweli pia, kwa hiyo tendo lake la upendo haliko nyuma yetu tu. Katika Misa hatulivuti lije mara ya pili. Sisi ndio tunaowekwa mbele yake.

Jambo hili halikubuniwa Roma. Torati inamwagiza baba Mwisraeli amwambie mwanawe siku ya Pasaka, "Ni kwa sababu ya hayo Bwana aliyonitendea mimi hapo nilipotoka Misri." Amwambie hivyo hata kama amezaliwa karne nyingi baada ya Musa. Walimu wa Kiyahudi waliandika katika Mishna, mkusanyo wa mapokeo yao, kwamba katika kila kizazi mtu yampasa ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri. Yesu aliposema "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu", alisema hivyo kwenye meza ya watu waliolelewa na ukumbusho wa namna hiyo, si ule wa kutazama picha za zamani.

Halafu tazama siku yenyewe. Yesu alisema hayo Alhamisi. Msalaba ulikuwa haujasimamishwa, na bado akawapa mwili unaotolewa na damu inayomwagika. Kama sadaka ya Ijumaa iliweza kuwapo mezani Alhamisi, kabla haijatokea kwa muda wa saa, kuwapo Jumapili hii baada ya kutokea si ajabu kubwa zaidi. Ninapojadiliana na Walokole hapo ndipo ninapopenda kuanzia, kwa sababu ni katika Biblia yao na yangu.

Sadaka hiyo hufika hata nyuma zaidi. Papa Pio IX alipotangaza tarehe 8 Desemba 1854 kwamba Bikira Maria alikingiwa dhambi ya asili tangu nukta ya kwanza ya kutungwa mimba, alieleza kwamba ilikuwa kwa mastahili ya Yesu Kristo. Yaani wokovu wa msalabani ulimfikia mama kabla Mwana hajazaliwa. Wengi husherehekea sikukuu hiyo bila kugundua kwamba ni fundisho juu ya muda pia.

Liturujia yenyewe imejaa alama hizi kwa anayesikiliza. Krismasi haisemi kwamba Kristo alizaliwa zamani. Kiitikio kinatangaza leo Kristo amezaliwa. Kwenye Misa, baada ya mageuzo ya mkate na divai, padre anasema "Fumbo la imani", na jibu letu linakusanya kifo kilichopita, ufufuko na kuja kunakotarajiwa katika sentensi moja. Na ile sala fupi tunayoitamka haraka mpaka maneno yanashikana, Atukuzwe Baba, inapanga kila kitu: kama mwanzo, na sasa, na siku zote, na milele.

Lakini kama mtu hana nafasi ya kujifunza zaidi, aende Mkesha wa Pasaka na asichelewe. Huku kwetu Pasaka huangukia Machi au Aprili, mvua ikielekea ukingoni, mahindi yamebeba. Taa zinazimwa, moto unabarikiwa nje, watu wametetemeka vya kutosha. Padre anachukua mshumaa mkubwa na kuuchora msalaba, herufi Alfa juu, Omega chini, na katika pembe nne za msalaba tarakimu nne za mwaka huu. Mwaka huu hasa, wenye ada za shule na bei ya mbolea. Anasema: Kristo jana na leo, Mwanzo na Mwisho, nyakati ni zake na karne ni zake. Kisha, mshumaa ukishaingizwa kanisani, inaimbwa Mbiu ya Pasaka, na tena na tena wimbo unarudi palepale: huu ndio usiku. Huu ndio usiku uliowatoa Waisraeli Misri. Huu ndio usiku ambao Kristo alivunja vifungo vya mauti. Hakuna mahali panaposema "ule ulikuwa usiku". Tarakimu za mwaka zimekatwa kwenye nta, mwaka hausahauliwi, na umilele umeingia ndani yake bila kuufuta.

Ndiyo maana hisia hazina kura hapa. Misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano ya Julai, padre ana mafua, waumini ni bibi saba na mwanafunzi mmoja mwenye mtihani, haizidi dakika thelathini, hakuna aliyesikia chochote cha pekee. Kilichopo altareni ni kilekile cha Mkesha wa Pasaka. Anayetoka akisema "leo sikuguswa" amesema ukweli juu ya muda wa moyoni. Juu ya Misa hajasema neno.

(Na anayelalamika kwamba Misa ya Jumapili ni ndefu mno, asiutupie lawama umilele. Mara nyingi ni matangazo. Hata Paulo alipohubiri Troa hadi usiku wa manane, kijana Eutiko alisinzia, akaanguka kutoka dirisha la orofa ya tatu, ikabidi Mtume ashuke. Wahubiri hawaisomi sana sura ile ya 20 ya Matendo.)

Kumtazama tu

Turudi kwenye taamuli. Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars nchini Ufaransa katika karne ya 19, alikuwa na mkulima aliyekaa muda mrefu mbele ya tabernakulo, kisanduku kinamotunzwa Ekaristi, bila kitabu, bila midomo kutikisika. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu, "Ninamtazama, naye ananitazama." Katekisimu imelichukua jibu hilo, namba 2715, kueleza taamuli ni nini. Hakuwa mtawa wala msomi.

Hapa hofu moja iondolewe: taamuli si kuifanya akili iwe tupu. Mkulima hakutazama utupu, alimtazama Mtu. Ukimya wake ulikuwa umejaa. Mwenye mashaka kwamba sala ya kimya ni mlango wa mapepo, kama inavyohubiriwa siku hizi, aangalie kwanza anayetazamwa ni nani.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba, rafiki na msaidizi wa Teresa, anaeleza kwamba roho iliyoingizwa na Mungu katika taamuli huweza kusahau kila kitu, saa nyingi zikapita nayo ikaona kama nukta, kwa sababu ilishughulikiwa na maarifa safi yasiyofungwa na muda. Kwake, hiyo ndiyo sala fupi inayosemwa kupenya mbingu: fupi kwa sababu haikuwa katika muda. Maneno hayo ndiyo karibu zaidi na ushuhuda wa rafiki yetu wa mkesha. Lakini Yohane anaongeza upesi kwamba usahaulifu huo si lazima utokee, tena hutokea mara chache kuliko taamuli yenyewe. Mara nyingi Mungu hufanya kazi huku mtu akisikia jogoo, pikipiki na njaa yake.

Wanasayansi wamejaribu kuchungulia. Mwaka 2006 Mario Beauregard na Vincent Paquette wa Chuo Kikuu cha Montréal nchini Kanada walichapisha utafiti wa ubongo wa masista Wakarmeli 15 kwa mashine ya picha. Ilibidi wawaombe wakumbuke tukio lao kubwa kabisa la kuungana na Mungu, kwa kuwa masista walisema Mungu haitwi kwa amri. Zilionekana sehemu nyingi za ubongo zikishiriki, wala hakikupatikana kitufe kimoja cha Mungu. Wanaosema utafiti wa namna hiyo umemthibitisha Mungu wanazidisha, na wanaosema umemwondoa wanazidisha vilevile. Jibu la masista juu ya kuitwa kwa amri ndilo lililonifurahisha.

Basi mtu ajuaje kama usiku wake ulikuwa wa Mungu? Teresa hakuangalia saa, aliangalia alichofanya mtu baadaye. Aliwaambia masista wake kwamba ukimwona dada mgonjwa unayeweza kumpunguzia maumivu, usiogope kupoteza ibada yako, mhudumie. Kwa hapa kwetu: anayetoka mkeshani akamfokea mkwe wake kwa sababu ya chai kuchelewa, ushuhuda wake usubiri kidogo. Mama anayekesha mara tatu kwa wiki watoto wakilala kwa jirani anahitaji mtu mwenye upendo wa kumwambia ukweli. Na anayesinzia kwa uchovu wa kulima asijihukumu. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki 1897 akiwa na miaka 24, alisinzia katika sala kwa miaka, akajifariji kwamba wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala sawa na wakiwa macho.

Kengele

Watu waliojitoa kabisa kwa taamuli ndio wanaoishi kwa kengele kuliko sisi. Nenda kwa masista Wabenediktini wa Imiliwaha, Njombe, au vuka hadi Peramiho na Hanga upande wa Ruvuma, utakuta siku imekatwa vipande: Masifu ya asubuhi, kazi, sala ya mchana, kazi, Masifu ya jioni. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaagiza kwamba ishara ya sala ikisikika, kila mtu aache alichoshika mkononi na kwenda mara moja, na kwamba hakuna kitu cha kutangulizwa mbele ya Kazi ya Mungu, yaani sala hizo za pamoja. Kanuni hiyohiyo inasema sala iwe fupi na safi, isipokuwa neema ya Mungu ikiirefusha. Hawaukimbii muda wa saa. Wanautoa, kipande baada ya kipande. Katekisimu inasema vivyo hivyo juu ya taamuli: mtu hasali akipata nafasi, anamtengea Bwana nafasi, akiwa ameamua kutoirudisha.

Kwa hiyo swali la vijana, kama ni sawa kuweka alamu unapokwenda kuabudu, jibu ni ndiyo. Weka nusu saa au saa moja, kisha simu iende mfukoni. Alamu inakuondolea kazi ya kuangalia saa. Na kama mmepangana zamu, anayefuata anakungoja mlangoni. Kumwacha kwenye baridi kwa kuwa wewe "umezama" si utakatifu.

Limebaki swali la toharani, yaani kutakaswa kwa marehemu kabla ya kuingia mbinguni, ambalo huulizwa kila Novemba. Vitabu vya sala vya zamani, vile vilivyorithiwa kwa bibi, vimeandikwa chini ya sala fulani "rehema ya siku 300" (rehema ni msamaha wa adhabu ya dhambi zilizokwisha kuondolewa), na watu wakaelewa kwamba roho inapunguziwa siku 300 huko. Haikuwa hivyo hata wakati ule. Siku hizo zililinganishwa na siku za kitubio walizopewa Wakristo wa kale hapa duniani. Papa Paulo VI aliziondoa kabisa mwaka 1967, zikabaki rehema kamili na rehema isiyo kamili, bila tarakimu. Naye Benedikto XVI, katika waraka uleule wa 2007, alisema kipindi cha kutakaswa kwa kukutana na Kristo hakiwezi kupimwa kwa vipimo vya muda wa dunia.

Ndiyo maana mjukuu anayeuliza kama amechelewa kumwombea babu aliyefariki mwaka 1974, ambaye hata kaburi lake limekwisha kumezwa na mikaratusi, hajachelewa. Sala yake ya leo iko mbele ya Mungu pamoja na saa ile ya mwisho ya babu. Aende ofisi ya parokia akaandikishe nia, na jina la babu litatajwa kwenye Misa.